Siku Tuliyorudi Bondeni Mikono Mitupu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye mahafali yenu ya manesi. Niliandikiwa barua nzuri yenye mhuri, nikaombwa nizungumze nusu saa juu ya uimara wa kiongozi na timu yake kazini, kwa kuwa mimi ni mstaafu na niliwahi kuongoza watu. Nikapiga pasi gauni langu, nikakaa jukwaani tangu saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa saba. Akahutubia mpaka kivuli cha turubai kikatuhama na jua likatukalia mabegani. Alipomaliza, mshereheshaji akaninong'oneza, "Bibi, tumebakiwa na dakika tatu, na pilau linapoa." Nikasimama, nikawaambia fanyeni kazi kwa bidii, nikakaa. Mkapiga makofi.

Basi haya ndiyo niliyokuja nayo siku ile. Nayaandika nikiwa bado nimenuna, mnivumilie. Mgeni rasmi simlaumu sana, wageni rasmi wote ndivyo walivyo. Aliyenichosha ni yule bwana wa semina aliyemtangulia, kijana nadhifu, aliyewaonyesha picha ya mianzi kwenye kitambaa cheupe akasema kiongozi imara huinama bila kuvunjika. Mkaandika wote. Nikawa nawatazama mnavyoandika, nikajiuliza ni nani kati yenu atakayenyoosha mkono aulize mtu anainamaje siku dawa imeharibika mikononi mwake na akina mama wamesimama foleni mbele yake. Hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo nawajibu bila kuulizwa.

Nilikuwa nesi wa kliniki ya kutembea hapa Sumbawanga, miaka ile ya Ujamaa, watu walipokuwa wamekwisha kuhamishiwa kwenye vijiji vya pamoja. Tulikuwa watu watatu na Landrova moja. Dereva wetu alikuwa Hamisi, mtoto wa wenye maduka pale mtaa wa Majengo, aliyekataa kukaa nyuma ya kaunta ya baba yake kwa sababu alipenda usukani. Msaidizi wa afya alikuwa Odilo, Mfipa wa huku juu kama mimi, mtu wa maneno machache, aliyenizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi. Na mimi, Skolastika, msichana wa miaka ishirini na sita, nikafanywa mkuu wao kwa sababu nilikuwa na cheti na wao hawakuwa nacho.

Kazi yetu ilikuwa chanjo. Tulizunguka vijiji vya huku juu penye baridi, tulifika Kirando kando ya ziwa, na tulishuka bondeni upande wa Mtowisa penye joto la kuchemsha ubongo. Katika vijiji vile vipya nyumba zilipangwa mistari, zimekaribiana, na surua ikiingia nyumba ya kwanza ilipita mstari mzima bila kuruka mlango.

Sasa sikilizeni nilivyokuwa kiongozi. Niliamini mkuu ni mtu asiyechoka, asiyeuliza na asiyekosea. Funguo za stoo ya dawa nilizivaa shingoni kwa uzi. Nililala nazo, nikaenda nazo misa. Jumapili moja Odilo alihitaji kufungua stoo, akanifuata kanisani katikati ya mahubiri. Akapita benchi baada ya benchi na koti lake jeupe akinitafuta, mpaka padri akanyamaza kumsubiri. Aliponifikia akainama, akasema neno moja tu, "Funguo." Misa ilipokwisha, wanawake watatu walinifuata nje kunipa pole ya msiba. Sikujifunza kitu. Jumapili iliyofuata nilikwenda nazo tena.

Halafu kulikuwa na friji. Ninyi mnaobonyeza swichi hamwezi kujua adha ya friji la mafuta ya taa. Chini yake kulikuwa na taa yenye utambi, na ajabu ni kwamba moto ule ndio ulioleta baridi. Moto ukiwa wa bluu, barafu inaganda. Ukiwa wa njano, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi, na friji linakuwa kabati tu. Utambi haukatwi hovyo. Unaufuta kwa kitambaa, taratibu, mpaka makaa yatoke na ukingo ukae sawasawa, kisha unawasha na unasubiri hapo hapo mpaka moto utulie. Odilo alikuwa na kitambaa chake cha kazi hiyo, kipande cha kanga kuukuu ya mkewe, na moto wake haukuwahi kugeuka njano hata siku moja. Nilipopewa ukuu nikamnyang'anya kazi hiyo. Sikuwa na sababu. Niliona tu kwamba kitu muhimu kiasi kile lazima kiwe mikononi mwa mkuu.

Jioni moja, kesho yake tukiwa na safari ya bondeni, niliitwa kwenye mkutano wa tawi la chama. Nilikuwa na haraka na utambi ulikuwa na makaa. Nikachukua wembe, nikaukata upesi, ukakaa upande. Nikawasha, nikaondoka bila kusubiri. Mkutano wenyewe ulikuwa wa kuchagua kamati ya kuandaa mkutano mwingine.

Alfajiri nilipofungua friji, moto ulikuwa wa njano na barafu imelainika, inateleza kwenye vidole. Nikajiambia itafaa. Sikumwambia mtu. Nikaipanga kwenye sanduku la baridi pamoja na chupa za chanjo, Hamisi akalifukia sanduku ndani ya gunia la makapi ya ulezi kama alivyozoea, ili joto la njiani lisiingie, tukashuka.

Kijiji tulichokwenda kilikuwa mbele ya Mtowisa. Tulikuta akina mama wamejaa chini ya paa la ghala, wengine wametembea tangu jana yake. Nikafungua sanduku. Barafu yote ilikuwa maji, chupa zinaelea, na kipimajoto kimepita mstari mwekundu. Odilo alikuwa karibu yangu, akaona. Mwenyekiti wa kijiji naye akasogea akaona sura yangu.

"Kuna nini, nesi?"

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka usiku nageuka ukutani. Nilimgeukia Odilo, nikasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Ndugu Odilo, friji nilikukabidhi wewe. Hii ni nini?"

Odilo alifunga daftari la kuandikisha watoto, akavua koti lake, akalikunja mara mbili, akaliweka juu ya daftari. Akaenda kusimama karibu na gari. Wanawake wakaanza kunong'onezana huku wakimtazama yeye.

Nami nikabaki na chupa zangu. Nitawaambia ukweli: niliwaza kuwachoma watoto sindano hivyo hivyo. Nani angejua? Akina mama wangeondoka wameridhika, daftari lingejaa, ofisi ingefurahi. Nilikwisha kushika bomba la sindano. Hamisi akanijia, akasema polepole ili asisikike, "Dada, mimi si mganga. Lakini angekuwa mwanangu, ningekuomba uimwage."

Nikaimwaga. Nikawaambia akina mama dawa imepata joto haifai, tutarudi siku kama ile wiki ijayo. Wengine walisonya, wengine walibeba watoto wakaondoka bila kuniangalia. Mmoja alibaki. Alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, anaitwa Roza, amelala mgongoni. Akaniuliza bila ukali, "Sisi tutarudi. Ninyi mtarudi?"

"Tutarudi, Mama Roza."

Tukageuza gari kurudi. Tulipofika chini ya mlima wa kupandia huku juu, Hamisi akazima gari, akashuka, akakaa juu ya jiwe.

Lazima niwaeleze mlima ule. Landrova yetu ilikuwa kuukuu na breki zake zilishika zikipenda. Katika kona kali mtu mmoja alikuwa anatembea nyuma ya gari na kabari, kipande kizito cha gogo. Gari likianza kurudi nyuma, anatupa kabari nyuma ya tairi. Akichelewa kidogo tu, gari linakwenda bondeni na waliomo. Mtu huyo siku zote alikuwa Odilo.

"Mbona umesimama?" nikamuuliza Hamisi.

"Sipandi."

"Gari lina nini?"

"Gari halina kitu. Anayeshika kabari amekasirika, na ana haki. Maneno yenu yamalizeni hapa penye tambarare."

Nilimkaripia. Nikamwambia mimi ndiye mkuu wa msafara. Akaniambia najua, dada, akaendelea kukaa juu ya jiwe lake akichokonoa udongo kwenye viatu. Jua lilikuwa linachoma. Nilizunguka gari mara mbili kama mwehu. Mwishowe nikaenda nyuma alikokaa Odilo na lile sanduku tupu.

"Utambi niliukata mimi," nikasema. "Kwa wembe."

"Najua. Niliukuta wembe juu ya friji asubuhi."

"Kwa nini hukusema pale?"

"Ningesema nini? Tungeanza kubishana mbele yao, wangeona sisi sote waongo. Wasingeturudia tena. Afadhali waone mmoja tu ndiye mbaya."

Nikamwambia, "Kaka Odilo, nisamehe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kaka. Siku zote nilikuwa namwita ndugu, ile ndugu ya ofisini isiyo na undugu ndani yake.

"Hiyo ya huku porini sitaki," akasema. "Ulinisema mbele ya watu. Ukanisafishe mbele ya watu hao hao." Kisha akachukua kabari yake akashuka. "Hamisi, washa gari."

Tulipanda mlima ule kona kwa kona, naye hakuchelewa hata mara moja. Mimi nilitembea nyuma pamoja naye, si kwa unyenyekevu, ni kwa sababu niliona aibu kukaa ndani.

Sasa njooni kwenye mateso ya ofisi. Niliomba chanjo nyingine siku ile ile tuliyofika. Nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Nikaambiwa barua ipitie kwa mwenye mhuri. Mwenye mhuri alikuwa amekwenda vijijini kwenye kampeni ya kilimo cha kufa na kupona, na mhuri kaufungia mezani. Aliporudi akasema barua imepitwa na tarehe, niandike nyingine. Nikaandika nyingine palepale juu ya meza yake. Siku niliyowaahidi akina mama ikakaribia, na chanjo bado haijatoka Mbeya.

"Basi hatuendi," nikawaambia wenzangu. "Twende na nini?"

"Twende tukawaambie hatuna," akasema Odilo.

Nilimwona mjinga. Safari ya siku nzima kwenda kusema hatuna. Na petroli haikuwepo. Lakini Hamisi alikuwa na kaka yake mwenye lori lililokuwa linashuka kuchukua mpunga, akasema nafasi ipo juu ya magunia. Nikakosa kisingizio. Tukashuka watatu, sisi na maturubai, vumbi limetufanya rangi moja.

Akina mama walikuja, si wote. Nilisimama chini ya lile paa la ghala, nikasema, "Wiki iliyopita nilimsingizia kaka yangu huyu. Friji nilikuwa nalo mimi. Aliyeharibu dawa ni mimi. Na dawa nyingine bado haijafika, leo nimekuja mikono mitupu kuwaambia hivyo."

Msije mkadhani walinishangilia kama kwenye semina zenu. Mzee mmoja alisema kama ni hivyo nilikuja kufanya nini, kuwamalizia hewa yao tu. Vijana wakacheka. Mwanamke mmoja akasema mengine siwezi kuyaandika. Odilo alisimama tu kando yangu amevaa koti lake jeupe. Alikuwa amelifua.

Na kwa sababu tulikwenda, tulikuta surua imekwisha kuingia. Nyumba tatu za mstari wa mwisho. Watoto wana macho mekundu, vipele vimeanza nyuma ya masikio, na hakuna aliyepeleka habari juu. Roza alikuwa mmoja wao.

Lori liliondoka na mpunga, sisi tukabaki. Tulikaa siku tano. Odilo alipita nyumba kwa nyumba akiwafundisha akina mama kumpa mtoto maji kidogo kidogo kwa kijiko, wasimnyime chakula kama walivyozoea kwa mwenye surua, na wenye watoto wazima wasiende kuamkia wagonjwa. Hamisi, mtoto wa dukani ambaye kwao hajawahi kushika mwiko, alipika uji wa ulezi kwa sufuria zima mchana na jioni, akiulalamikia moshi. Mimi niliosha macho ya watoto kwa maji ya chumvi. Surua haikupita mstari ule wa nyumba. Wengi walipona.

Roza hakupona. Ilimshuka kifuani siku ya nne. Nilikuwa nimemshika mimi.

Kama angechanjwa siku ile ya kwanza, sijui. Labda ilikwisha kumwingia, labda haikuwa imemwingia. Nimekuwa nikiulizwa na kichwa changu mwenyewe miaka yote hii na bado nakosa jibu. Mtu akiwaambia kiongozi imara husahau makosa akasonga mbele, mwambieni kuna bibi mmoja Sumbawanga anasema si kweli.

Tulipopanda juu niliandika barua ya kuacha kazi. Nikampa Odilo aisome kwanza, maana uandishi wake wa Kiswahili cha ofisi ulikuwa mzuri kuliko wangu. Akaisoma mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri," akasema. "Lakini ukiondoka, yule mama akitaka kukasirika atamkasirikia nani? Mimi? Hamisi? Kaa, awe na mtu."

Nilimchukia kwa maneno hayo siku nzima. Kesho yake nilichana barua.

Kisha tulibadili kazi zetu, wala hatukungoja semina. Funguo zikatundikwa kwenye msumari ambao wote watatu tuliufikia. Odilo akanifundisha utambi upya, tangu mwanzo, kama mwanafunzi, na alinisimamia huku akiguna nilipoharakisha. Mimi nikashika kabari mlimani zamu kwa zamu, nikajua uzito wake. Hamisi akajifunza kuandikisha watoto, ingawa mwandiko wake ulikuwa wa kuku. Tukakubaliana kitu kimoja: mwenye kuona kosa aseme kabla gari halijawaka, na mkuu asinune. Kutonuna ndiko kulikonishinda. Mara nyingi nilinuna, nikaambiwa umenuna, nikaacha.

Naruka mbele kidogo niwaambie: mwaka uliofuata malaria iliniangusha wiki mbili. Nililala nikiwaza kliniki imekufa. Nilipoamka nikaambiwa walikwenda Kirando bila mimi, wakachanja, wakarudi, friji lina moto wa bluu. Niliumia moyo, nisiwadanganye. Nilitaka walau kitu kimoja kiharibike. Ilinichukua siku kadhaa kufurahi.

Turudi kwenye chanjo. Ilifika hatimaye kutoka Mbeya. Tulikesha kwa zamu tukiangalia moto, barafu ikawa ngumu kama jiwe la kusagia. Petroli ilipatikana, tukashuka na Landrova yetu.

Kijijini walikuja wengi kuliko mara ya kwanza, lakini hakuna aliyesogea. Walisimama mbali na meza, watoto wamewafunika na kanga, wananiangalia. Mwenyekiti akawaita, hawakusogea. Odilo alikuwa na daftari wazi, kalamu mkononi, hana wa kumwandika. Maneno yangu kijiji kile kilikwisha kuyasikia.

Kisha wanawake wakapishana katikati, akatoka Mama Roza. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Akaja mpaka mezani, akasimama mbele yangu. Sikujua amekuja kunifanya nini, na chochote ambacho angenifanya ningekubali.

"Fungua sanduku," akasema.

Nikafungua. Akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono mpaka kiwiko, katikati ya barafu na chupa. Hakuutoa. Alisimama hivyo akinitazama usoni, nami nikimtazama, kwa muda ambao sikuweza kuupima. Nilimwona akiuma meno kwa baridi. Hamisi aligeuka pembeni. Mwishowe akautoa mkono, vidole vimekakamaa, maji yanadondoka, akawageukia wenzake.

"Ni baridi," akasema. "Leteni watoto."